Kidonge cha Sumu: Asili na Maana ya Istilahi ya Biashara, na Mahali Pake Katika Mji wa Kigali

Utangulizi

Miongoni mwa istilahi za biashara zinazozidi kuwafikia wasomaji wa Kiswahili, ni chache zinazoshtua sikio kama "kidonge cha sumu". Mtu aisikiapo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba inahusu hospitali, au kesi ya mauaji. Kumbe inahusu kampuni, hisa, na mbinu ambayo bodi ya wakurugenzi huitumia ili kampuni yao isitwaliwe na mtu wasiyemtaka.

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi hiyo ilizaliwa wapi na kwa sababu gani, jinsi mbinu yenyewe inavyofanya kazi, na kwa nini haina kazi kubwa katika mji kama Kigali. Swali hili la mwisho ndilo lenye uzito. Kiswahili kimekuwa mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda tangu mwaka 2017, na Soko la Hisa la Rwanda lilizinduliwa mjini Kigali tarehe 31 Januari 2011. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili hana budi kukutana na maneno ya soko hilo, na wanafunzi wake watamwuliza maana yake. Akiwapa tafsiri ya neno pasipo kuwaeleza kilicho nyuma yake, atakuwa amewapa ganda bila kiini.

Hali iliyozaa istilahi

Hisa ni sehemu ya umiliki. Wanyarwanda huiita umugabane, neno ambalo ni ndugu wa kitenzi chetu "kugawana". Nalo neno "hisa" tulilipata kwa Waarabu, likiwa na maana iyo hiyo ya fungu au sehemu. Mwenye hisa nyingi ana kura nyingi katika mkutano mkuu, na mwenye kura nyingi ndiye anayechagua wakurugenzi. Basi mtu akitaka kuitawala kampuni anazo njia mbili. Ya kwanza ni kuzungumza na wakurugenzi na kuafikiana nao. Ya pili ni kuwapita wakurugenzi, kuwaendea wenye hisa moja kwa moja, na kuwaambia: niuzieni, nitawalipa bei inayozidi ile ya sokoni.

Njia hii ya pili huwezekana pale tu ambapo umiliki umetawanyika. Katika Marekani ya karne ya 20, kampuni nyingi kubwa zilikuwa mali ya maelfu ya watu wasiojuana, ambao hapana hata mmoja wao aliyekuwa na hisa za kutosha kuzuia jambo. Kwa muda mrefu mabenki yenye heshima yaliona aibu kushiriki katika utwaaji wa nguvu. Aibu hiyo ilianza kuondoka mwaka 1974, wakati kampuni ya Kanada iitwayo Inco, iliyochimba nikeli, ilipoitwaa ESB, kampuni ya Marekani iliyotengeneza betri, huku ikisaidiwa na benki ya Morgan Stanley. Baada ya hapo mlango ukawa wazi. Ilipofika miaka ya 1980, watwaaji waliweza kukopa fedha nyingi kwa kuuza hati za mkopo zenye riba kubwa, wakanunua kampuni zilizowazidi wao wenyewe kwa ukubwa.

Watwaaji hao walikuwa na hila moja ambayo yafaa ielezwe, kwa kuwa ndiyo iliyotoa hoja ya kujihami. Mtwaaji alitangaza kwamba atanunua nusu ya hisa kwa bei nzuri, na kwamba akishapata nusu hiyo, wale waliobaki watalipwa bei ya chini. Mwenye hisa mdogo, hata kama aliona kwamba kampuni ina thamani kubwa kuliko bei iliyotajwa, aliogopa kuachwa nyuma. Kila mtu alikimbilia kuuza kwa kuwa alidhani jirani yake atakimbilia kuuza. Hivyo watu walipoteza mali yao kwa sababu hawakuwa na namna ya kusema kwa sauti moja, ingawa hapana aliyewalazimisha.

Kidonge kinavyofanya kazi

Aliyebuni dawa ya ugonjwa huo ni Martin Lipton, mwanasheria wa mjini New York. Mwaka 1982 aliitumia kwa mara ya kwanza kuitetea kampuni ya umeme ya El Paso Electric. Mwaka uliofuata aliitumia kwa kampuni ya Lenox, iliyotengeneza vyombo vya kaure, ilipovamiwa na Brown-Forman, watengenezaji wa wiski wa Kentucky. Mbinu ya Lipton ilikuwa hivi: Lenox iliwagawia wanahisa wake hisa za aina ya pekee, ambazo zingegeuka kuwa hisa za Brown-Forman iwapo kampuni hizo mbili zingeunganishwa. Brown-Forman ilikuwa chini ya mikono ya familia moja, nayo familia hiyo haikutaka kuona mamlaka yake yakipunguzwa na watu wa Lenox. Mwisho wa mvutano, bei ilipanda kutoka dola 87 hadi dola 90 kwa kila hisa, na Lenox ikauzwa. Kidonge hakikuzuia ununuzi. Kilichofanya ni kuongeza bei.

Kidonge cha namna hiyo ya kwanza kilikuwa na kasoro, nayo ni kwamba kilingoja kampuni mbili ziunganishwe ndipo kifanye kazi. Mwaka 1985 James Goldsmith, tajiri wa Uingereza, alinunua zaidi ya nusu ya hisa za kampuni ya karatasi ya Crown Zellerbach, kisha hakuiunganisha na kampuni nyingine yoyote. Sumu ikabaki kwenye chupa, naye akawa bwana wa nyumba. Tangu hapo wanasheria waliandaa kidonge cha namna ya pili, ambacho ndicho kinachotumika mpaka leo.

Mfano mdogo wa hesabu utaeleza vizuri kuliko maneno mengi. Tuseme kampuni ina hisa 1,000, na kila hisa ni faranga 1,000. Thamani yote ni faranga 1,000,000. Bodi inapitisha kanuni kwamba mtu yeyote akifikisha asilimia 20 bila idhini yake, wanahisa wengine wote, isipokuwa yeye, watakuwa na haki ya kununua hisa mpya mbili kwa bei ya moja kwa kila hisa waliyo nayo. Mtwaaji anapuuza onyo na kununua hisa 200. Wenye hisa 800 zilizobaki wanatumia haki yao: wanatoa faranga 800,000 na kupewa hisa mpya 1,600. Sasa kampuni ina hisa 2,600 na thamani ya faranga 1,800,000, yaani kila hisa ni kama faranga 692. Yule mtwaaji aliyekuwa na asilimia 20 amebaki na asilimia 7.7 tu, na hisa zake zilizomgharimu faranga 200,000 sasa zina thamani ya faranga 138,000 na kitu. Kilichotoka mfukoni mwake kimeingia katika mifuko ya wenzake.

Hapana mtu mwenye akili timamu atakayeingia katika hasara ya namna hiyo kwa hiari yake, na hilo ndilo lililokusudiwa. Kidonge huwekwa ili kisimezwe. Mtwaaji akikiona husimama mlangoni, na kulazimika kubisha hodi kwa wakurugenzi.

Je, ni halali bodi kuwabagua wanahisa hivyo, kumpa huyu haki na kumnyima yule? Swali hili lilifikishwa mahakamani katika kesi ya Moran dhidi ya kampuni ya Household International. Mwezi Novemba 1985 Mahakama ya Juu ya jimbo la Delaware, ambako kampuni nyingi za Marekani zimeandikishwa, iliamua kwamba bodi inayo mamlaka hayo, ila itatakiwa kuonyesha kwamba imeyatumia kwa uaminifu. Uingereza ilikuwa imekwisha kufuata njia nyingine. Kanuni zake za utwaaji, zilizoanza mwaka 1968, zinaikataza bodi kuikwamisha ofa iliyoletwa mpaka wanahisa wenyewe wakubali. Nchi mbili zenye lugha moja na mapokeo ya sheria yanayofanana zikatoa majibu mawili kwa swali moja: mwenye kampuni ni nani, na ni nani asemaye kwa niaba yake?

Jina na picha yake

Lipton mwenyewe hakuiita mbinu yake kidonge cha sumu. Katika hati zake aliiita mpango wa gawio la haki za kununua hisa, na leo hati za kampuni huiita mpango wa haki za wanahisa. Majina hayo ya heshima yalibaki katika makabati ya wanasheria. Katika mwaka 1983, katika mvutano wa Lenox, jina la kidonge cha sumu liliingia magazetini, na tangu siku hiyo halikuondoka. Twajifunza hapa kwamba mtu hupanga jambo lake na kulipa jina, lakini jina litakaloishi huchaguliwa na wasemaji. Mwenye kukitetea kitu hutafuta neno la haki. Mwenye kukiogopa hutafuta neno la kifo.

Picha yenyewe hufasiriwa kwa namna mbili. Wengine husema imetoka kwa majasusi, ambao walipewa kidonge chenye sumu kali wakimeze wakamatwapo, ili wasije wakatoa siri kwa mateso. Kwa fasiri hii, anayemeza sumu ni yule aliyeshambuliwa. Wengine huiona kampuni kama windo: mwenye kuimeza ataimeza pamoja na sumu iliyofichwa ndani yake. Kwa fasiri hii, anayedhurika ni mshambulizi. Hesabu tuliyoifanya hapo juu yaonyesha kwamba fasiri ya pili ndiyo inayolingana na kazi ya mbinu hii kwa sura yake ya leo.

Katika Kiswahili tatizo laongezeka. Neno "kidonge" ni donge lililofanywa dogo, yaani kitu kilichofinyangwa kikawa mviringo, na kwa matumizi ya kila siku ni dawa. Kisha tunao usemi wa kumpa mtu kidonge chake, maana yake kumwambia maneno makali anayostahili. Basi msomaji wetu akikuta sentensi isemayo "bodi imetumia kidonge cha sumu", anaweza kudhani kwamba bodi imemsema mtu, au imeiua kampuni yake yenyewe. Tafsiri ni sahihi neno kwa neno, lakini haimwambii msomaji nani anameza na nani anadhurika. Tungependekeza kwamba mwandishi anayeitumia kwa mara ya kwanza katika makala yake aandike "kinga ya kidonge cha sumu". Neno hilo moja la "kinga" laonyesha upande ambao sumu imeelekezwa.

Mlango wa Kigali

Tuigeukie sasa Kigali. Kampuni ya kwanza kuuza hisa zake kwa umma katika soko la Rwanda ni Bralirwa, watengenezaji wa bia, ambayo chimbuko lake ni kiwanda cha Gisenyi cha mwaka 1957. Serikali ilikuwa na asilimia 30. Iliuza asilimia 25 kwa umma, na asilimia 5 kwa Heineken ya Uholanzi, ambayo kwa hiyo ilifikisha asilimia 75. Hata mtu angenunua kila hisa ya Bralirwa iliyotolewa kwa umma, angepata robo tu. Vivyo hivyo kwa MTN Rwanda, iliyoingia sokoni mwaka 2021: hisa zilizokuwa mikononi mwa umma zilikuwa sehemu ya tano tu. Mwenye nyumba anaposhika ufunguo hana haja ya kuweka sumu mlangoni.

Hali hii si ya Rwanda peke yake. Nairobi ina soko la hisa tangu mwaka 1954, na huko ushindani wa kutwaa kampuni umetokea waziwazi, lakini nao umeamuliwa na mwenye fungu kubwa. Mwishoni mwa mwaka 2013, mmiliki wa zaidi ya nusu ya kampuni ya mkonge ya Rea Vipingo alitaka kununua hisa zilizobaki kwa shilingi 40 kila moja. Kampuni ya Centum ikatokea na bei ya juu. Pande hizo mbili zikashindana hadi bei ikafika shilingi 85. Hatimaye aliyeshinda ni yule mwenye fungu kubwa, lakini wanahisa wadogo walipata zaidi ya maradufu ya bei ya kwanza kwa sababu tu mshindani alitokea. Mwaka 2024 kampuni ya saruji ya Bamburi ilitakwa na Amsons ya Tanzania kwa shilingi 65 kwa hisa, kisha na Savannah Clinker ya Kenya kwa shilingi 76.55. Lakini Holcim ya Uswisi, iliyokuwa na zaidi ya nusu ya hisa, ilikuwa imekwisha kuahidi kuwauzia Amsons. Mwezi Desemba Savannah Clinker ilijiondoa, na Amsons ikaichukua kampuni. Bei ya juu haikutosha kumshinda mwenye ahadi.

Hata hivyo Rwanda ilikuwa na taasisi moja iliyomilikiwa na watu wengi wadogo kweli kweli, na historia yake ndiyo inayotufundisha zaidi. Mwaka 1975, katika kijiji cha Nkamba, mashariki mwa nchi, ilianzishwa benki ya ushirika, ambayo ilizaa mtandao ulioenea nchini kote kwa jina la Banques Populaires. Wenye benki hizo walikuwa wakulima na wafanyabiashara wadogo walioweka akiba zao humo. Katika ushirika, kanuni ni mtu mmoja kura moja. Tajiri wa kutoka nje hawezi kuutwaa ushirika kwa kununua, kwa kuwa hata akiweka mamilioni, kura yake ni moja, sawa na ya mkulima wa mtama. Hii ni kinga kubwa kuliko kidonge chochote kilichopata kutengenezwa New York. Lipton alikuwa akijaribu kuwarudishia wenye hisa waliotawanyika sauti moja. Wanaushirika walizaliwa nayo.

Lakini kinga hiyo ilikuwa na gharama yake. Benki huhitaji mtaji, na mtaji wa wakulima hukua polepole. Mwaka 2008 ushirika uligeuzwa kuwa benki ya biashara yenye hisa, Banque Populaire du Rwanda, na Rabobank ya Uholanzi ikanunua asilimia 35. Tangu siku hiyo kura zilifuata hisa badala ya kufuata watu. Mwaka 2016 Atlas Mara, kampuni iliyoanzishwa na Bob Diamond, aliyepata kuwa mkuu wa benki ya Barclays, iliingia na kupata asilimia 62.06. Mwezi Agosti 2021 fungu hilo lilinunuliwa na KCB ya Kenya, pamoja na la mwekezaji mwingine, hata KCB ikawa na zaidi ya robo tatu. Mwaka 2022 benki hiyo iliunganishwa na ile ambayo KCB ilikuwa nayo Rwanda, ikaitwa BPR Bank Rwanda.

Yafaa tuwe waangalifu hapa. Hapana aliyevunja mlango. Hatua zote hizo zilifanywa kwa makubaliano na kwa idhini ya Benki Kuu ya Rwanda, kwa sababu katika nchi hii mtu hawezi kujipatia sehemu kubwa ya benki bila idhini hiyo. Wala haifai kusema kwamba wanachama walinyang'anywa, kwani benki isiyo na mtaji wa kutosha ni hatari kwa akiba zao wenyewe. Lakini ni kweli pia kwamba katika muda wa miaka 13, kutoka 2008 hadi 2021, taasisi iliyomilikiwa na watu wengi wenye kura sawa ilikuwa na bwana mmoja mwenye kura nyingi. Uamuzi mkubwa kuliko yote ulifanyika mwaka 2008, siku kura ilipoachana na mtu na kuambatana na hisa. Baada ya hapo lililobaki lilikuwa suala la bei na la mnunuzi.

Hitimisho

Tumeona kwamba kidonge cha sumu kilizaliwa na hali maalumu: wamiliki wengi waliotawanyika, mtwaaji mwenye fedha za mkopo, na sheria iliyoipa bodi nafasi ya kujihami. Pasipo hali hiyo neno hubaki bila kazi. Tumeona pia kwamba hata huko lilikozaliwa, mbinu hii aghalabu haizuii ununuzi, bali huchelewesha. Mwezi Aprili 2022 bodi ya Twitter iliweka kidonge siku moja tu baada ya Elon Musk kutangaza kwamba anataka kuinunua, kikiwa na kikomo cha asilimia 15. Kabla ya mwezi huo kwisha bodi ilikuwa imekubali kuuza kwa dola bilioni 44, kwa bei ile ile aliyoitaja mwanzo. Lenox ilipata nyongeza ya dola tatu kwa hisa. Twitter ilipata siku kumi za kufikiri.

Kwa hiyo mwalimu akiulizwa darasani maana ya kidonge cha sumu, asiishie kwenye kidonge wala kwenye sumu. Awaulize wanafunzi wake kwanza: kampuni hii ni ya nani, hisa zake ziko mikononi mwa wangapi, na kura inafuata nini, mtu au hisa? Mwanafunzi wa Kigali atakayeweza kuyajibu maswali hayo matatu kuhusu benki ambayo wazazi wake huweka akiba zao atakuwa ameielewa istilahi hii, na atakuwa amepata ulinzi wake mwenyewe siku atakapoletewa karatasi ya kuuza hisa na kuambiwa atie sahihi upesi.